Usharika Usiopungua

Nchi ninayoisimulia sitaitaja kwa jina, si kwa woga, maana nikiwa peke yangu chumbani mimi ni jasiri sana, bali kwa heshima. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na saba, na ina Mtukufu mmoja anayeiongoza mwaka wa thelathini na nne sasa, ambaye kwa mujibu wa gazeti la serikali huongezeka urefu sentimita mbili kila mwaka. Msomaji atakayeona humu kitu kinachofanana na kwao, kosa ni la macho yake, akapimwe.

Mimi naitwa Obadia, katibu wa Usharika wa Mafiga Matatu. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko mzuri. Akili hawakuiulizia, na kwa kweli haikuhitajika. Usharika ulipokaribia kutimiza miaka mia niliagizwa niandike historia yake fupi, nionyeshe jinsi idadi ya waumini ilivyokua tangu mwanzo hadi leo. Nikaiandika, ikachapwa, ina picha kumi na sita za Mtukufu na moja ya kanisa. Hii unayoisoma ni ile nyingine, isiyo na picha.

Usharika wetu ulianza na watu saba. Walisali jikoni kwa mama mmoja mpika pombe, ndipo likatoka jina la Mafiga Matatu. Wahubiri husema wale saba walivutwa na Neno. Babu yangu, aliyekuwa mmoja wao, aliniambia siku ile mvua ilikuwa kubwa na jikoni kulikuwa na moto. Mvua ilipokatika walibaki watatu, na mmoja wa hao watatu alikuwa mwenye nyumba.

Baadaye wakaja wamisionari na mablanketi. Mwaka wa mablanketi tulifika mia tatu na kumi. Mablanketi yakaisha, tukawa arobaini na mmoja, na hao wote walikuwa watu wasioweza kutembea mpaka kanisa la ng'ambo ya mto, ambako siku hizo waligawa sukari. Ikaja shule, tukawa mia tano. Serikali ikaichukua shule, tukawa mia mbili. Ukaja ukame wa miaka miwili, watu wakafika elfu moja na mia moja, wamejaa hadi madirishani, wanalia, wanatubu hata dhambi za majirani. Mvua ikanyesha siku ya Alhamisi. Jumapili yake walikuja mia mbili na kumi. Waliobaki walikuwa shambani wanapanda, na Mungu aliyewanyeshea akaachiwa mabenchi.

Sisemi haya kwa dharau. Nasema kwa dharau kidogo tu. Tangu mvua ile tulitulia kwenye mia mbili na kitu kwa miaka mingi, watu wa kawaida wenye imani ya kawaida, na hakuna aliyetusumbua.

*

Sasa nieleze tulivyohesabu, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Kwetu mtu hahesabiwi kwa kidole. Kidole ni cha kuhesabia mbuzi wa kuuza. Ukimnyooshea mtu ukasema "wa nane", umemwita kifo. Kwa hiyo mlangoni mwa kanisa alikaa mhesabu na kibuyu. Akiingia mtu mzima, mhesabu alidondosha punje ya hindi. Akiingia mtoto, haragwe moja. Kibuyu kililala sakristia juma zima, na Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, mimi nilizimwaga punje mezani mbele ya wazee wa kanisa, nikazihesabu, kisha nikasoma kwenye matangazo: "Jumapili iliyopita tulihudhuria ibada watu wazima kadhaa, watoto kadhaa." Baada ya ibada zile punje zilichemshwa kande, wazee wakala. Ndiyo, kila Jumapili tuliwala waumini wetu, na watoto wao ndani yake.

Mhesabu alikuwa Bibi Atuganile. Alikaa kwenye mlango ule miaka arobaini na mmoja. Hakudondosha punje kwa mtu ambaye hakumwona, na hakumnyima punje mtu aliyemwona, hata kama ni mlevi aliyeingia kutafuta kivuli. Mumewe, Mzee Ambokile, alizikwa kwenye uwanja wa kanisa miaka kumi na sita iliyopita, upande wa kushoto ukitoka. Kando ya kaburi lake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na Bibi alikuwa ameizungushia mawe meupe. Kila Jumamosi alifagia sehemu zote mbili, ya mume na ya kwake.

"Hapa pangu, Obadia," aliniambia mara nyingi. "Msije mkaniwekea mtu."

"Nani atathubutu, Bibi?"

"Nyinyi."

Alikuwa na kifua. Mwaka wa jubilei kile kikohozi kilikuwa kimeshamkondesha, na yeye mwenyewe alijua kwamba hafiki mbali. Hakutaka dawa wala maombi ya pekee. Alitaka ile nafasi, basi. Na sheria ya kanisa letu ni moja na fupi: kwenye uwanja ule huzikwa mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la washarika. Jina la Bibi Atuganile lilikuwamo, ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa katibu aliyenitangulia.

*

Ikatokea kwamba Mtukufu alipanda kwenye mizani akakuta amepungua kilo mbili. Mizani ikafungwa miaka mitano. Kesho yake redio ikapiga wimbo wa taifa, beti zote kumi na saba, halafu ikatangazwa Sheria ya Kutopungua: kuanzia siku hiyo hakuna kitu chochote nchini kitakachopungua. Ikaundwa Wizara ya Ongezeko, na kila tarafa ikapewa Afisa Ongezeko mwenye gari.

Matunda ya sheria yalionekana upesi. Mito ilipanda kina kwenye vitabu. Wanafunzi hawakuweza tena kupata alama za chini kuliko za muhula uliopita, hivyo watoto wa darasa la pili wakawa wanapata mia na arobaini kwa mia. Hospitalini wagonjwa nao hawakuruhusiwa kupungua, kwa hiyo waliopona walirudishwa vitandani. Daktari mmoja mkaidi aliwaruhusu watu kumi na wawili waende nyumbani. Akaongezwa yeye kwenye idadi ya wafungwa, ambayo pia ilikuwa haipungui.

Sisi wa Mafiga Matatu tulidhani sheria haiwahusu watu wa Mungu. Mwezi wa pili, kuku wa mchungaji aliingia sakristia kupitia dirishani, akakuta kibuyu, akala. Jumapili nikamwaga punje, nikahesabu, nikasoma kama nilivyozikuta: watu wazima mia moja themanini na saba. Juma la nyuma yake nilikuwa nimesoma mia mbili na kumi na wawili. Kabla ya saa nane mchana Mchungaji Zefania alikuwa ameshakamatwa.

Mahakamani alijitetea kwamba waumini ishirini na watano wameliwa na kuku. Hakimu akaamuru kuku aletwe. Akaletwa, akasomewa shtaka la kupunguza waumini kwa kudonoa, akaulizwa kama ana la kusema, akanya kizimbani. Alipatikana na hatia ya shtaka la kwanza na la dharau kwa mahakama. Alinyongwa kwa mujibu wa sheria, na kwa desturi za mahakama ile, mapaja yakaenda kwa hakimu.

Mchungaji alirudi baada ya siku tisa. Hakutuambia alichokiona huko. Ila tangu siku hiyo alihubiri habari ya mikate mitano na samaki wawili kila Jumapili, hata Ijumaa Kuu.

*

Jumapili ya kwanza baada ya mchungaji kurudi, akatufikia Afisa Ongezeko, Bwana Fidelis Tambalala. Kijana wa miaka thelathini na miwili, ana tumbo la miaka hamsini. Alisimama mlangoni mbele ya Bibi Atuganile akasubiri aamkiwe. Ulikuwapo waraka: afisa wa serikali huamkiwa shikamoo na watu wa rika zote. Bibi alimtazama, akadondosha punje moja kibuyuni, akasema, "Marahaba, mwanangu. Pita."

Afisa alipita, akapanda madhabahuni bila kukaribishwa, akahutubia.

"Ndugu waumini! Kwa niaba ya Mtukufu, na kwa niaba ya wizara, na kwa niaba yangu mimi mwenyewe niliye hapa! Kupungua ni nini? Kupungua ni adui. Ni adui asiye na bunduki, lakini ana hesabu! Mtu anayesema jana tulikuwa wengi leo tu wachache, huyo ametusi jana, ametusi leo, na kesho atamtusi Mtukufu! Kuanzia sasa idadi itakayosomwa hapa itazidi ya Jumapili iliyopita kwa walau mtu mmoja. Mungu akitaka kuzidisha zaidi, wizara haina pingamizi."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana, kwa sababu nilikuwa benchi la mbele.

Baada ya ibada alimfuata Bibi mlangoni. Mimi nilisimama karibu na kalamu yangu.

"Bibi, nimeambiwa wewe ndiye mhesabu. Jumapili ijayo punje ziwe mia mbili na hamsini."

"Wakija watu mia mbili na hamsini, zitakuwa."

"Wasipokuja?"

"Nadondosha punje kwa mtu niliyemwona, mwanangu."

"Basi uone zaidi!"

"Macho ndiyo haya mawili, na moja lina mtoto wa jicho."

"Hilo lenye mtoto wa jicho," akasema afisa, "ndilo serikali inalolihitaji."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Alipotulia akasema, "Mume wangu amelala pale nje, hatua ishirini kutoka mlango huu. Na mimi nitalala pale pale, si muda mrefu. Nikikaa hapa nikadanganya, nitamwambia nini tukikutana? Chukua kibuyu, mwanangu. Tafuta mwingine mwenye macho mazuri."

Akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Mchungaji alikuwa anatazama paa. Wazee wa kanisa walikuwa wanatazama viatu. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika tarehe.

*

Tangu hapo usharika ulikua kwa namna isiyowahi kuonekana. Afisa alileta mahindi yake kwa gunia. Kibuyu kikawa kidogo, tukahamia kwenye ndoo; ndoo ikawa ndogo, tukahamia kwenye pipa. Mwezi wa kwanza tulifika mia nne, wa tatu elfu moja mia sita. Nikisoma matangazo watu waligeuka kutazama nyuma, kuwatafuta hao wenzao.

Halafu wakaelewa. Watu wetu si wajinga. Wajinga ni viongozi wao, nikiwemo. Waliona kwamba ukienda kanisani punje yako inadondoka, na usipoenda inadondoka vilevile. Sasa kama hindi linakuhudhuria, mguu wa nini? Isitoshe, mwenye kuonekana kanisani ndiye aliyeulizwa mbona hakuja na jirani, akaandikishwa maelezo kwa nakala tatu. Aliyebaki nyumbani hakuulizwa kitu, maana kwenye pipa alikuwamo. Wakaanza wa mabenchi ya nyuma, wakafuata wa katikati, kisha kwaya, sauti kwa sauti. Siku tuliyosoma elfu tano niliwahesabu kwa macho, bila kidole. Walikuwa kumi na tisa. Bibi Atuganile alikuwa benchi la kwanza karibu na mlango, mikono mitupu.

Daftari nalo lililazimika kulingana na pipa. Kila punje ilitaka jina. Niliandika walio hai wote, nikamaliza. Nikaandika marehemu. Nikaandika kikosi cha timu ya tarafa na wachezaji wa akiba. Siku moja, nikiwa nimeishiwa, nilikaa zahanati nikisubiri zamu yangu, nikatazama kabati la dawa, nikapata ukoo mzima: Ndugu Klorokwini, mkewe Amoksilini, na watoto wao saba, akiwemo kitindamimba Aspirini aliyebatizwa Pasaka. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Sikuona aibu wakati ule. Aibu kwangu huja kama mgeni wa harusi za kwetu, baada ya chakula kuliwa.

*

Habari za ukuaji zikafika ikulu. Barua ikaja: Mtukufu mwenyewe atahudhuria jubilei ya Usharika wa Mafiga Matatu, usharika mkubwa kuliko yote nchini, wenye waumini elfu tisa na kumi na wawili. Bwana Tambalala alipoisoma aliketi sakafuni. Kanisa letu hubeba watu mia mbili na arobaini, wakikaa kwa upendo.

Lakini serikali haishindwi na jambo dogo kama ukweli. Wizara iliagiza uhakiki wa waumini. Kila mwenye jina kwenye daftari afike mwenyewe kwenye uwanja wa mpira wa wilaya, aitikie "nipo", apewe beji. Asiyefika atatangazwa kuwa muumini hewa, na jina lake litakatwa na kujazwa na mwingine, ili jumla isiyumbe. Siku ya uhakiki: Jumapili, saa nne asubuhi.

Nikamwambia afisa, "Mheshimiwa, Jumapili saa nne watu wako ibadani."

"Watu gani?" akauliza.

Nikafikiri kidogo, nikaona swali lake lina uzito.

Jumapili ile uwanja ulijaa. Walikuwepo makarani wa idara zote, wafungwa waliovaa suti za kuazima, chuo kizima cha polisi, na bendi ya jeshi. Niliita majina, wakaitika. Kwa Klorokwini aliitikia mnyapara mmoja mwenye sharubu, na Amoksilini, nasikitika kusema, alikuwa sajenti. Mchungaji Zefania alikuwepo pia, beji kifuani. Saa ile kanisani kulikuwa na watu kumi na tisa bila mchungaji wala katibu, na nasikia Bibi Atuganile ndiye aliyeanzisha wimbo.

Nilipofika kwenye majina yao nikayaita. Hawakuitika. Ningeweza kusema: hawa ndio waliopo. Maneno ni matatu tu. Bwana Tambalala alinitazama, nami nikaomba rula, kwa sababu sipendi mstari uliopinda. Nikawakata mmoja mmoja, kumi na tisa. Wakajazwa askari magereza.

Jioni tulikwenda kuwahakiki marehemu. Wao walihakikiwa nyumbani kwao, makaburini, kwa kuwa hawakubadili anwani. Afisa alisimama kwenye kila kaburi akaita jina, akahesabu mpaka tatu.

"Ambokile!"

Kimya.

"Kimya ni kukubali," akasema afisa. "Yupo. Mwandike."

Nikamwandika. Nilikuwa nimesimama ndani ya yale mawe meupe, na niliona hivyo, na sikutoka.

*

Siku ya jubilei Mtukufu alikuja na magari themanini. Elfu tisa na kumi na wawili walikaa chini ya mahema, wakasimama alipopiga chafya, wakaketi alipofuta pua. Kumi na tisa walizuiliwa kwenye kamba nyuma ya vyoo, kwa kukosa beji. Bibi Atuganile alikuwa amevaa gauni jeupe la Chakula cha Bwana.

Nilisoma historia yangu mbele ya Mtukufu. Nilipofika kwenye wale saba wa jikoni, alinyanyua mkono.

"Saba?" akasema. "Nani aliwaruhusu muanze saba?"

Mchungaji alifumba macho kama anasali. Labda alikuwa anasali kweli.

"Usharika wangu hauwezi kuanza saba. Andika elfu nane. Na kuanzia hapo upande taratibu, kwa nidhamu."

Makofi yakavuma. Hivyo ndivyo ilivyochapwa: jiko la mpika pombe lilibeba watu elfu nane siku ya kwanza. Kama unaishi nchini mwetu, mtoto wako atalikuta swali hili kwenye mtihani. Jibu sahihi ni elfu nane.

Wageni walipoondoka, Bibi alipita chini ya kamba akanikuta sakristia nakunja waya wa kipaza sauti.

"Obadia mwanangu. Wale askari wameniita hewa."

"Ndivyo daftari linavyosema, Bibi."

"Daftari unaliandika wewe."

Nikakunja waya.

"Basi nikifa nazikwa wapi?"

"Kwenye uwanja huu… kwa sasa haiwezekani, Bibi. Wanazikwa washarika."

"Na Ambokile?"

"Mzee Ambokile amehakikiwa. Ni msharika hai."

"Ana miaka kumi na sita hajasali."

"Ndiyo, lakini hajakosa hata Jumapili moja."

Nilidhani atalia. Ningependa alie, ningempa kitambaa, nikajisikia mtu mwema. Akanitazama tu, kwa lile jicho zima.

"Basi mkate naye," akasema. "Mtoe humo. Tutakuwa hewa wote wawili."

Nilimpelekea Bwana Tambalala ombi hilo, kwa maandishi. Nalitaja ili ijulikane kwamba nami nilifanya kitu. Lilirudi limegongwa mhuri: HAIWEZEKANI. KUMKATA MUUMINI HAI NI KUPUNGUZA.

*

Jumanne asubuhi, jua limeshapanda, walikuja wote kumi na tisa na majembe. Bibi aliwekewa kigoda. Mchana walikuwa wamemfikia Mzee Ambokile, au kilichobaki chake. Wakakiviringisha kwenye mkeka mpya.

Polisi wawili waliitwa. Nao wakamwita afisa, naye akaja anahema.

"Wakamateni!" akasema mchungaji kutoka dirishani.

"Kwa kosa la nani?" akauliza koplo. "Tuandike majina gani?"

Nikaletewa daftari. Nikatafuta, ingawa nilijua. Bwana Tambalala akafuta jasho. Akieleza kwamba wako watu kumi na tisa Mafiga Matatu ambao hawamo kwenye idadi, uhakiki wake ulikuwa wa uongo. Na kama uhakiki ulikuwa wa uongo, Mtukufu alihutubia wafungwa.

"Sioni mtu hapa," akasema hatimaye.

Koplo naye, mtu mtiifu, akasema haoni mtu. Wakasogea pembeni kuupisha mkeka. Kumi na tisa wale walipita katikati yetu wakienda kwenye shamba la migomba la Bibi, na Bibi aliponipita alisimama. Nilingoja anitukane. Alikohoa, akavuta kanga yake, akaendelea. Sijawahi kudharauliwa na mtu mwenye haki zaidi ya kunidharau.

Juma la tatu baadaye kifua kilimshinda. Alifariki Ijumaa, akazikwa Jumapili saa nne, migombani, ubavuni mwa mumewe. Sikwenda. Saa ile nilikuwa kazini.

Kanisani tulikuwa watatu: mchungaji mimbarini, Bwana Tambalala benchi la mbele, na mimi na karatasi yangu. Mabenchi yalikuwa yamepakwa rangi kwa ajili ya Mtukufu, na bado yananuka. Nilisimama nikasoma kwamba Jumapili iliyopita tulihudhuria ibada watu wazima elfu tisa na ishirini na watatu. Mchungaji akaitikia, "Amina."

Ndipo kukasikika kuimba kutoka upande wa shamba la migomba. Ulikuwa ule wimbo wa kumsindikiza marehemu, ambao zamani mimi niliuimba besi. Walikuwa na sauti zote isipokuwa besi. Nikashindwa kuusoma mstari unaofuata.

Bwana Tambalala akageuza shingo. "Nani wanaimba kule?"

Mchungaji akanitazama. Chini ya wimbo lilisikika jembe likigonga udongo.

"Hakuna mtu, mheshimiwa," nikasema.

"Vizuri. Endelea."

Nikaendelea kusoma.